Dawa Ambayo Mama Aliitia Sahihi

Niliacha shule darasa la sita. Watu wa rika langu wakiniuliza sababu, huwa nawaambia ni ugonjwa, halafu tunageukia mambo ya mvua na mbolea. Lakini ugonjwa peke yake haukunitoa shule. Kulikuwa na watu. Majina yao siandiki, kwa sababu watoto wao ni majirani zangu na tunasalimiana vizuri. Nitamwonyesha kila mmoja kwa kazi yake tu, na wazee wa upande wetu, pale kati ya Kimilili na Bungoma, watajua ni nani.

Wa kwanza ni mwalimu wa darasa la nne. Nilikuwa na miaka kumi tumbo liliponianza. Nilihara damu. Si ile kuhara ya kula maembe mabichi, ambayo kesho imeisha. Hii ilikuwa ni kuitwa. Tumbo linakuita, na likishakuita una muda wa kuhesabu mpaka kumi na tano hivi, basi. Mwalimu naye alikuwa na sheria yake, hakuna kutoka kabla ya kengele. Siku moja nikainua mkono.

"Wewe tena? Kaa chini. Choo si ya baba yako."

Nikakaa. Nikahesabu, na hesabu ikaniishia hapo hapo kwenye dawati. Tulikuwa tunakaa watatu, na wale wenzangu wawili waliruka kama wamemwagiwa chai moto. Tangu siku hiyo nikaitwa Bwana Choo, hata na watoto wa darasa la kwanza ambao hawakujua jina lilitoka wapi.

Wa pili ni mtu wa sindano wa sokoni. Alichemsha sindano zake kwa sufuria ya kupikia mayai, na kila mgonjwa kwake alikuwa na malaria au amiba. Mimi nilipewa amiba. Kwa miaka miwili nilikunywa dawa ya amiba mpaka mate yangu yakawa na ladha ya msumari. Kila mara alimwambia mama, "Hii sasa ndiyo ya mwisho, hawa wadudu wamekufa." Mama simlaumu kwa hilo. Yule mtu alivaa koti jeupe, na mama hakuwa amesoma. Angejuaje?

Aliyetuokoa na yule mtu ni khocha wangu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita ndugu ya mama. Alikuwa anakamua ng'ombe kwenye shamba kubwa huko Endebess. Alikuja kututembelea Krismasi, akaniona nikitoka nje mara sita kabla chai haijapoa.

"Dada," akamwambia mama, "ndama akiharisha wiki mbili tunaita daktari. Huyu ameharisha miaka miwili na unamwita yule muuza sindano?"

Baada ya mwaka mpya akatuchukua mpaka Kitale, kwa daktari mmoja wa watoto. Alikuwa mama wa Kihindi, mtoto wa watu wenye duka pale mjini, amezaliwa hapo hapo. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, hata "ati" na "bana" alikuwa nazo. Nilingoja sindano. Sikuiona. Aliniuliza maswali, tena mimi mwenyewe, siyo mama. Naenda choo mara ngapi? Naamka kwa sababu yake? Nina marafiki? Nikamwambia sina. Akaandika.

Akatutuma Eldoret, nikaingizwa kamera mahali ambapo sitaeleza. Tuliporudi akatuambia kwamba hii haikuwa amiba, wala haikuwa imewahi kuwa. Utumbo mkubwa ulikuwa na vidonda, na ugonjwa wenyewe ni wa kudumu. "Mwili una askari wake," akasema. "Wa mtoto huyu wamechanganyikiwa. Wanapiga nyumba yao wenyewe."

Akanipa vidonge vidogo vyeupe vya kila asubuhi. Wiki ya pili damu ikakatika. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Nilikula ugali kama mtu aliyelima ekari. Uso ukavimba ukawa wa mviringo, mashavu yakawa kama ya mtoto wa chifu. Daktari alikuwa amemwonya mama kwamba dawa itafanya hivyo, na akamwambia jambo lingine mara tatu: vidonge hivi haviachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, na yeye ndiye atasema lini.

Sasa nifike kwa wa tatu, mkubwa wao. Baba yangu alifariki kabla sijaanza shule, kwa hivyo aliyekuwa kichwa cha boma ni baba mdogo, mdogo wa marehemu. Mke wake alikuwa mwembamba, na sokoni watu walikuwa wakimtania baba mdogo kwamba anakula nyama peke yake na kumpa mke mifupa. Utani huo ulimuuma. Siku moja akaja kwetu, akanishika mashavu kwa vidole viwili.

"Ona hii! Huyu ni mgonjwa huyu? Dawa imemaliza kazi yake, bana. Wacha na mama yake mdogo anone kidogo."

Mama akamwambia, "Shemeji, daktari amesema visiachwe ghafla."

"Daktari anauza dawa, atasema nini? Hii ni ya kunenepesha, si unaona?"

Akatia mkebe wa vidonge vyangu mfukoni akaenda nao. Mke wake hakunona. Alipata chunusi tu na kukosa usingizi. Mimi siku ya sita nilianguka karibu na zizi, natapika, miguu haina nguvu, na damu ikarudi kuliko mwanzo. Aliyenibeba mgongoni mpaka barabara ya lami ni yeye yeye baba mdogo, anakimbia bila viatu. Hilo nalo naliandika, maana ni haki yake.

Nililala hospitali Kitale wiki tatu. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na urefu wa mtoto wa tisa. Nilipoanza kukaa kitandani, daktari akamwita mama akamweleza mambo mbele yangu.

Vidonge vyeupe, akasema, haviwezi kuwa chakula changu cha maisha. Vinakula mifupa na vinazuia kukua. Na vikiondolewa damu inarudi, kama tulivyoona. Kuna njia ya kukata utumbo wote mkubwa na kuishi na mfuko tumboni, lakini hiyo aliiweka mwisho kabisa. Na kuna dawa nyingine.

"Hii inawapunguza nguvu wale askari wenyewe," akasema. "Ni dawa ya nguvu, mama, sikufichi. Inachukua kama miezi mitatu kuonekana. Nitatoa damu kila wiki mbili nihakikishe askari hawajaisha. Akipata homa, hata ndogo, unamleta siku hiyo hiyo. Akikaa na mtoto mwenye tetekuwanga, unamleta. Kwa miaka mingi, kwa watu wachache, inaweza kuleta saratani. Na asikatwe."

"Asikatwe vipi?"

"Mama, mimi nimezaliwa hapa. Najua Agosti ya mwaka huu ni ya nini."

Aliyezaliwa mbali na kwetu nimweleze. Sisi tunatahiri mwezi wa Agosti, tena katika mwaka unaogawanyika kwa mbili tu. Ukikosa, unangoja miaka miwili. Kijana anapakwa matope ya mtoni alfajiri, anasimama uani mbele ya watu wote, anakatwa bila kupepesa jicho. Asiyekatwa anaitwa musinde, na musinde hata akiota ndevu ni mtoto. Wavulana wote niliosoma nao, wale walioniita Bwana Choo, walikuwa wanaenda Agosti hiyo. Mimi nilikuwa nimepanga kusimama imara kuliko wote, ili lile jina life. Na daktari alikuwa anasema kidonda cha kisu cha uani, na matope, kwa mtoto ambaye askari wake wamelazwa, kinaweza kumuua.

Akatupa wiki mbili za kufikiri.

Jumapili baada ya kanisa ukafanywa mkutano sebuleni kwa baba mdogo. Alikuwa amekwisha kusahau ule mkebe, au alijifanya. Alisimama katikati kama anahutubia baraza.

"Redio inatuambia kila siku tuogope ukimwi, kwa sababu unamaliza kinga ya mwili. Leo mtu anataka kumpa mtoto wa ndugu yangu dawa ya kumaliza kinga. Huo si ni ukimwi wa kumeza? Na tena mwaka wa kutahiri! Nitawaambia nini watu?"

Watu wakaanza kunong'onezana. Ukimwi siku hizo ulitajwa kwa sauti ya chini. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono kwenye mapaja.

Mkosaji wa nne ni mimi mwenyewe. Nilisimama upande wa baba mdogo, yule yule aliyenichukulia vidonge. Nikamwambia mama mbele ya wote, "Heri nife nikiwa mwanaume." Maneno makubwa, ya mtoto ambaye bado alikuwa anamkimbia bata mzinga wa jirani.

Kesho yake mama akanivika sweta, tukaenda Endebess kwa khocha. Kwetu, khocha ana sauti yake katika kutahiri. Yeye ndiye anamchinjia mpwa wake na kumvika nyama shingoni, ndipo kijana anaenda mtoni na baraka za upande wa mama. Asipokubali, jambo limeharibika. Tulimkuta anakamua. Mama akaongea, maziwa yakalia ndani ya ndoo, mpaka akamaliza yote.

"Unasemaje?" mama akamuuliza.

"Mimi sijui," khocha akasema. "Twende kwa huyo daktari nimuulize."

Nashukuru sana kwa hilo "sijui". Katika ukoo mzima wa wanaume ndiye peke yake aliyelitamka.

Basi siku ikafika, tukaingia wote chumba cha daktari Kitale: mama, mimi, khocha na gambuti zake za shamba, na baba mdogo aliyevaa kofia ya Jumapili. Khocha hakungoja.

"Daktari, niulize kama mtu wa ng'ombe. Hii dawa ukiiacha, hao askari wanarudi?"

"Wanarudi."

"Baada ya muda gani?"

"Wiki kadhaa. Mwezi, miezi miwili."

Khocha akamgeukia baba mdogo. "Basi si ukimwi, shemeji. Ukimwi hauna kurudi."

Baba mdogo akavua kofia, akaivaa tena. "Na kisu? Kisu nacho?"

"Akitulia," daktari akasema, "mwaka wa tisini na mbili nitamtafutia daktari wa upasuaji. Atakatwa hapa, kwa ganzi, pahali safi."

"Kwa ganzi! Kama paka wa Mzungu?"

Khocha alicheka, akajifanya anakohoa. Daktari hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe? Unataka nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikasema, "Nataka kwenda na wenzangu Agosti."

Aliandika maneno yangu kwenye faili, taratibu, bila kukunja uso. Baba mdogo akapiga goti lake. "Mmesikia! Mwenye mwili amesema."

Hapo mama akaomba kalamu.

Alikuwa ameenda masomo ya ngumbaru msimu mmoja, akajua kuandika jina lake na si zaidi sana. Alivuta karatasi ya kukubali dawa karibu, akaandika herufi moja moja kama mtu anayepanda maharagwe, anaacha nafasi, anaangalia nyuma.

"Shemeji, unajua unachofanya?" baba mdogo akamuuliza.

"Sijui," mama akasema, kalamu bado mkononi. "Lakini damu ya huyu mtoto mimi naiona kila asubuhi. Wewe uliona mashavu."

Halafu akaniangalia. "Na wewe nikasirikie. Kasirika ukiwa mzima."

Nikakasirika kweli. Karibu miezi minne sikumjibu kwa mdomo. Nilimjibu kwa nyusi. Alikuwa ananiletea kidonge na uji, naye anasimama hapo mpaka nimeze, halafu ananiambia nifungue mdomo auone ulimi, maana alinijua. Dawa ilikuwa inanitia kichefuchefu. Ilitoka kwa mzee mmoja Singasinga mwenye duka la dawa mjini Bungoma, ambaye alikuwa anaiagiza Nairobi iletwe na basi. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo upande wetu. Dozi yangu ilikuwa kidonge kimoja na nusu, basi aliketi nyuma ya kaunta amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akikata vidonge kwa wembe juu ya karatasi. Alinigombeza kila safari. "Kula kwanza! Bila chakula utatapika, halafu mimi nimekata bure." Hakuwa ndugu yangu. Kanisa letu na lake ni tofauti. Lakini hakuna hata mwezi mmoja ambao dawa ilichelewa, na kama basi halijafika alituma mtu na baiskeli kutuambia tusihangaike kwenda. Mzee yule namwombea mpaka leo, kwa lugha ninayoijua.

Kila wiki mbili tulienda Kitale kutolewa damu. Daktari alisoma karatasi, akasema, "Askari wapo," na kumwonyesha mama kwa vidole wamebaki wangapi, juu kidogo au chini kidogo. Mara moja walishuka sana, akapunguza dozi, mama hakula siku mbili. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu. Hata wa tatu. Nilitamani isifanye kazi, ili nimwambie mama, unaona?

Agosti ikaingia. Wavulana walizunguka wakipiga njuga kualika jamaa zao, na mtoto wa baba mdogo, mwenzangu wa umri, akaja mpaka uani kwetu na kundi lake. Mama na mimi tulikuwa tumeketi tunachambua maharagwe. Akacheza mbele yangu, jasho linamtoka, akasema, "Wewe chambua tu. Mkimaliza mtafua." Wakacheka wakaondoka. Mama hakuinua macho. Aliokota mawe kwenye maharagwe, moja, lingine, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Hapo ndipo nilijua kwamba alikuwa amesikia matusi hayo kabla yangu, sokoni, kanisani, kisimani, miezi yote hiyo. Nikamwambia, "Mama, uji wangu uko wapi?" Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake tangu Kitale.

Damu ilikoma mwezi wa tisa. Safari hii haikurudi. Daktari akaanza kupunguza vile vidonge vyeupe, robo kwa robo, na mashavu yakaisha. Majirani wakamwambia mama, pole, mtoto amekonda sana, ugonjwa umezidi. Na ndio kwanza nilikuwa napona! Mwaka uliofuata suruali zilinipanda mpaka nikaonekana kama navuka mto. Shule nilijaribu kurudi, lakini nilikuwa mrefu kati ya watoto wadogo, na lile jina lilikuwa bado linaningoja mlangoni. Nikaiacha. Nikajifunza kutengeneza baiskeli Kitale, na ndiyo kazi iliyonilisha na kulisha wanangu.

Mwaka wa tisini na mbili nilikatwa hospitalini, kama daktari alivyosema. Hakukuwa na matope. Khocha akachinja bila kumuuliza mtu. Jamaa mmoja akasema ati aliyekatwa kwa ganzi havikwi nyama, naye khocha akamwambia, "Nyama ni yangu na mpwa ni wangu. Wewe yako ni mdomo." Wapo wanaonidharau kwa ajili hiyo hadi leo. Wanidharau. Wenzangu wawili wa ile Agosti ya uani vidonda vyao vilioza, na mmoja hatunaye. Walikuwa na askari wao wote.

Nilimeza dawa ile miaka sita. Daktari akaipunguza, akaiacha, tukangoja, damu haikurudi. Alisema mbele yangu kwamba si kila mtoto hupata bahati hiyo, na nisifikiri ni ushujaa wangu. Sifikiri hivyo.

Lakini mwili ukipona woga hubaki. Hata baada ya kupona, popote nilipoingia nilikaa karibu na mlango. Kanisani nilikaa benchi la mwisho, harusini nilisimama kando ya ua, nikishajua choo kiko wapi na ni hatua ngapi.

Halafu baba mdogo akafariki, mwaka wa tisini na saba. Mazishi ya kwetu mnayajua. Yanaanza asubuhi, kila mkwe anaongea, kila kwaya inaimba mara mbili, diwani naye anachelewa. Mimi kama mtoto wa boma niliwekwa mbele kabisa, benchi moja na mama, watu wamejaa nyuma yetu mpaka kwenye migomba. Hakuna njia ya kutoka. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo, kumi, kumi na tano, nikaanza upya. Baadaye sikumbuki niliacha kuhesabu saa ngapi.

Jua lilipoanza kuinama, mhubiri bado anaendelea, mama akaniinamia.

"Umetoka?"

"Hapana."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi, mama."

Alinitazama. Kisha akajifunika uso na leso akalia, mabega yakitikisika, kilio ambacho sikumsikia akilia hata siku moja nilipokuwa mgonjwa. Wanawake wakaja mbio kumshika. "Pole, mama. Pole. Shemeji yako alikuwa mtu."

Mama alitikisa kichwa kukubali, akanishika mkono chini ya leso, na tukakaa pale mbele mpaka mhubiri akamaliza.